Utupu Uliomo Ndani ya Jiwe: Mhadhara juu ya Kulitazama Jiwe la Chokaa kwa Eksirei



Kabla sijatamka neno lolote la kitaalamu, naomba mniwie radhi nimimine maji ya kikombe hiki juu ya mawe mawili yaliyowekwa mezani mbele yenu. La mkono wa kulia ni kipande cha tumbawe nilichokiokota chini ya ukuta wa nyumba ya kale ulioanguka. La mkono wa kushoto ni jiwe la chokaa lililochimbwa mbali na bahari, zito, gumu, na uso wake ni laini kama kigae cha kaure. Tazameni sasa: katika jiwe la kulia maji yamezama hata kabla sijakirudisha kikombe mahali pake, na katika jiwe la kushoto yametuama kama yaliyomwagwa sahanini. Ilhali mawe haya, lau tungalimpelekea mkemia ayapime, angalituambia kuwa asili yake ni moja, karbonati ya kalsiamu, ndiyo ile ile iliyomo katika ganda la yai, katika kombe la chaza na katika gamba la konokono. Kinachoyatenga ni utupu. Na huo utupu uliomo ndani ya jiwe, umbo lake, ukubwa wake, na zaidi ya yote njia zinazouunganisha, ndio niliokuja kuuzungumza kwenu jioni ya leo, pamoja na habari ya jinsi wanadamu walivyopata kuutazama kwa miale ya eksirei bila ya kulivunja jiwe.

Sisi watu wa pwani si wageni wa maudhui haya, kwani tumezaliwa na kulala ndani yake. Miji yetu ya mawe, kuanzia Kilwa hadi Lamu, ilijengwa kwa matumbawe, na waashi wetu walipambanua aina mbili: jiwe la nchi kavu, ambalo ni mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoachwa juu bahari ilipopungua, nalo ndilo la kujengea kuta, na tumbawe bichi lililokatwa chini ya maji, ambalo maadamu lingali na unyevu huchongeka kwa wepesi na kupokea nakshi, kisha likianikwa hukauka na kuwa gumu, nalo ndilo walilolitengea mihrabu na miimo ya milango. Nami nilipokuwa mtoto, ukuta wa chini wa nyumba ya bibi yangu, ule ulioelekea baharini, kila mwaka uliota unga mweupe, lipu ikavimba na kubambuka, fundi akaitwa, akabandua, akapaka upya, na mwaka wa pili yakawa yale yale. Bibi akisema kuwa ukuta unatoka jasho, na mimi nikiyachukua maneno yake kuwa ni ya wazee tu, hata nilipokuja kusoma nikatambua kuwa alikuwa karibu sana na haki. Jiwe ambalo vitundu vyake vimeungana hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa kandili unavyonyonya mafuta. Maji yakifika juu hukaushwa na upepo, na chumvi iliyokuwamo, kwa kukosa pa kwenda, hujikusanya ikawa fuwele, na fuwele hizo zikikua huzisukuma kuta za vile vitundu mpaka jiwe likameguka punje kwa punje. Fundi wa watu alikuwa akipigana na adui aliyekaa ndani, mahali ambapo mwiko wa chokaa haufiki wala jicho halioni.

Basi jicho lilifikaje huko? Hatua ya kwanza ilipigwa na Mwingereza Henry Clifton Sorby, mtu wa Sheffield, ambaye katika mwaka 1851 alitangaza matokeo ya kazi ambayo wenzake wengi waliiona ni ya kupoteza wakati: alilikata jiwe la chokaa la pwani ya Yorkshire, akalisugua mpaka likawa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga, akalitazama kwa hadubini. Desturi hiyo ingalipo mpaka leo, na unene unaotakiwa ni maikromita thelathini, nayo maikromita, kwa msiyoizoea, ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu, na unywele wa kichwani mwa mtu una unene wa takriban 70. Lakini kipande chembamba kina aibu moja kubwa. Chukulia kuwa Mji Mkongwe wa Unguja wote umekatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini kwa mstari mmoja, nawe ukasimama mbele ya mkato huo ukitazama: utaona nyumba zilizokatwa na nafasi zilizo wazi baina yao, utaweza hata kupima nafasi hizo, lakini hutaweza kabisa kujua kipi ni kichochoro kinachopenya mpaka Forodhani na kipi kinaishia katika ua wa mtu. Na kwa maji yanayosafiri ndani ya jiwe, kama kwa mgeni anayeutafuta mlango katika vichochoro vile, hilo ndilo jambo la kujua.

Wakaja wengine na zebaki. Mmarekani Edward Washburn katika mwaka 1921 alionyesha kwamba zebaki, kwa kuwa haipendi kulowesha jiwe, haiingii katika kitundu ila kwa kushindiliwa, na kwamba kadiri mlango wa kitundu unavyozidi kuwa mwembamba ndivyo nguvu ya kushindilia inavyozidi kuhitajiwa, hata ikawezekana kuujua upana wa mlango kwa kuipima nguvu. Njia hii ni nzuri na bado inatumika, lakini inapima mlango na kudhani kuwa imepima chumba: ukumbi mpana ulio nyuma ya mlango mwembamba huandikwa katika daftari kuwa ni kijitundu, na fauka ya hayo jiwe lenyewe limekwisha kujaa zebaki na halifai tena kwa jambo jingine.

Naomba nikae kidogo hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kuyachanganya ni hasara. La kwanza ni kadiri ya utupu, yaani katika kila sehemu mia za jiwe ngapi ni tupu. La pili ni upitishaji, yaani maji yakisukumwa yatapita kwa urahisi gani. Aliyelipa jambo la pili kipimo chake ni Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon huko Ufaransa, mtu ambaye katika mwaka 1840 aliuletea mji wake maji safi kutoka chemchemi ya Rosoir, na katika mwaka 1856 akachapisha kitabu juu ya chemchemi za umma za Dijon, ambamo aliingiza majaribio yake ya kupitisha maji katika bomba lililojazwa mchanga. Katika mchanga, mambo hayo mawili aghalabu hufuatana. Katika jiwe la chokaa hayafuatani. Mchanga umeletwa na mto au mawimbi na kulundikwa punje juu ya punje, bali jiwe la chokaa limezaliwa na viumbe hai, likayeyushwa hapa na maji ya mvua, likagandishwa pale, likapasuka, likazibwa tena, na kila jambo lililolipata limeacha vitundu vya namna yake. Mawe mawili ya chokaa yaliyo sawasawa kwa kadiri ya utupu yanaweza kutofautiana kwa upitishaji mara elfu na zaidi. Mtu anayekuambia kuwa jiwe lake lina utupu sehemu ishirini katika mia, akanyamaza, amekuambia idadi ya vyumba vya nyumba na hakukuambia kama ina milango.

Miale ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen katika mji wa Würzburg, Ujerumani, jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kuupiga picha mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana na pete ikielea kidoleni. Mfupa ulionekana kwa sababu una kalsiamu, na atomu za kalsiamu, kwa kuwa ni nzito kuliko zile za nyama na maji, huizuia miale kwa nguvu zaidi. Jiwe la chokaa nalo lina kalsiamu. Basi kwa macho ya eksirei jiwe hili ni ndugu wa mfupa, na kitundu chenye hewa ndani yake ni mahali ambapo miale hupita bila ya kipingamizi. Lakini picha ya Röntgen ni kivuli, na kivuli hukusanya vyote vilivyo mbele na nyuma vikalala pamoja. Katika jiwe lenye maelfu ya vitundu, kivuli hicho ni wingu tu.

Aliyetafuta njia ya kuvitenga vivuli ni mwana wa Afrika. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg katika mwaka 1924, na alipokuwa akifundisha fizikia mjini Cape Town, katika mwaka 1956, aliombwa kuangalia kazi ya miale katika hospitali ya Groote Schuur. Akaona kuwa madaktari wanapanga tiba bila ya kujua miale inadhoofika kiasi gani katika kila sehemu ya mwili, akajiuliza kama mtu akipima kutoka pande nyingi hataweza kurudi nyuma kwa hesabu akajua yaliyomo katika kila nukta. Alichapisha majibu yake mnamo 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeyajali. Wala hakujua kuwa Johann Radon, mwanahesabu wa Austria, alikuwa amekwisha kuifumbua hesabu hiyo tangu 1917. Mwingereza Godfrey Hounsfield, kwa njia yake mwenyewe, akaunda mashine, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo katika hospitali moja ya Wimbledon. Na mwaka 1979 wawili hao, Cormack na Hounsfield, wakapewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Kisha katika mwaka 1982 James Elliott na mwenzake huko London wakaifanya njia hiyo iweze kuona vitu vidogo mno, na kitu walichokichagua kukitazama kilikuwa konokono mdogo wa nchi za joto. Nami kila nikilikumbuka jambo hilo hufurahi, kwa sababu gamba la konokono ni karbonati ya kalsiamu, na konokono na jamaa zake wa baharini, wakifa na kulundikana kwa karne zisizohesabika, ndio baadhi ya waliotujengea mawe haya.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Jiwe hukerezwa likatoka kijiti cha unene wa penseli, au pungufu yake. Kijiti husimamishwa juu ya kibao kinachozunguka taratibu baina ya bomba la eksirei na bamba la kupokea miale. Kila kikigeuka kidogo hupigwa picha moja, na zikitimia picha elfu moja, mbili, pengine tatu, kompyuta huzichukua zote na kwa ile hesabu ya akina Radon na Cormack hulijenga upya jiwe zima katika hewa, likiwa limegawanywa katika chembe ndogo za mchemraba, kila chembe na kijivu chake: nyeupe palipo na jiwe zito, nyeusi palipo tupu. Bamba lenye chembe 2,000 kwa upana hutoa jiwe lenye chembe 8,000,000,000. Hapo unaweza kulipasua kwa upande wowote upendao, kulifunga tena, na kutembea ndani yake kutoka ua hadi ua, nalo jiwe la asili likiwa zima mezani pake.

Lakini hakuna neema isiyo na mpaka, na mtafiti mwaminifu hana budi kuitaja mipaka yake kabla hajaulizwa. Kijiti cha milimita 4 kikigawanywa kwa 2,000, kila chembe ni maikromita 2. Kipande cha sentimita 10 kikigawanywa vivyo hivyo, kila chembe ni maikromita 50, karibu na unene wa unywele. Kwa hiyo anayetaka kuona vitundu vidogo hulazimika kutazama kipande kidogo, na katika jiwe la chokaa, ambamo hapa pana kombe zima la chaza na shubiri moja mbele hamna, kipande kidogo kinaweza kuwa shahidi asiyejua habari za mtaa wa pili. Tena miale itokayo katika bomba ni mchanganyiko wa dhaifu na yenye nguvu, na ile dhaifu hufia pembezoni mwa jiwe, hata katikati pakaonekana peusi kuliko ilivyo kweli. Ndiyo maana huwekwa bati jembamba la shaba au alumini mbele ya bomba ili kuichuja mapema. Zaidi ya hayo yote ni suala la hukumu. Kompyuta haitoi jiwe na tundu. Hutoa vijivu, na baina ya weupe na weusi kuna chembe nyingi zilizo vuguvugu, ambazo nusu yake ni jiwe na nusu ni utupu. Lazima mtu akate shauri kwamba kuanzia kijivu hiki naliita jiwe, na chini yake naliita tundu, na akiusogeza mpaka huo kidogo tu, kadiri ya utupu inabadilika, na kinywa kilichokuwa wazi baina ya vitundu viwili kinafunga. Ziko kanuni za hesabu za kusaidia shauri hilo, lakini kanuni nayo huchaguliwa na mtu. Mimi nashikilia kwamba kila picha ya vitundu inayotangazwa bila ya kueleza mpaka uliwekwa wapi na kwa nini, imefichwa nusu yake.

Mfano wa jambo hili ni jiwe la Ketton, linalochimbwa katika wilaya ya Rutland huko Uingereza, ambalo wajenzi wa vyuo vya Cambridge walilipenda kwa rangi yake ya asali. Limefanywa kwa punje za mviringo mfano wa mayai ya samaki, zilizoviringika katika bahari ya joto ya zama za Jura. Katika picha ya eksirei nafasi zilizo baina ya punje huonekana bayana, nazo punje zenyewe huonekana kana kwamba ni ngumu. Kumbe kila punje imejaa vijitundu vidogo kuliko chembe ya picha, na utupu huo wote hupotea machoni. Dawa iliyopatikana ni ya werevu mkubwa: jiwe hupigwa picha likiwa kavu, kisha hujazwa maji ya chumvi ya iodini, ambayo atomu yake ni nzito na huizuia miale barabara, likapigwa picha tena bila ya kusogezwa, na picha ya kwanza ikaondolewa katika ya pili. Palipozidi weupe, hapo maji yamepenya. Na pasipoonekana tundu lolote, ila weupe umeongezeka, hapo tunajua kuwa vimo vijitundu, na kwa kadiri ya ongezeko tunajua ni vingi kiasi gani. Hatukuviona, tumeviona vikinywa.

Jiwe hili hili la Ketton ndilo walilolitumia watafiti wa Imperial College London katika kazi waliyoitangaza mwaka 2015, ambayo kwangu mimi ni miongoni mwa kazi bora za fani hii. Walichukua kijiti cha milimita 4, wakakitia katika joto la digrii 50 na shinikizo kama la chini sana ya ardhi, wakapitisha ndani yake maji ya chumvi yaliyoshiba kaboni dioksidi, ambayo huwa na ukali wa kuyeyusha chokaa, na kila robo saa, kwa muda wa saa mbili na nusu, wakapiga picha. Jiwe liliyeyuka mbele ya macho yao. Utupu ulikaribia kuwa maradufu. Upitishaji ulipanda takriban mara kumi. Na jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba liliyeyuka polepole, kwa kiasi cha mara 14 pungufu ya vile ambavyo majaribio ya chokaa ndani ya chupa yangetufanya tutarajie. Sababu yake ni vichochoro. Maji makali hukimbilia njia pana yakapita, na katika pembe zilizojificha maji yaliyokwisha kushiba chokaa hukaa palepale, wala mapya hayafiki. Anayetaka kujua jiwe litayeyuka lini asiupime ukali wa maji peke yake; aulize maji hayo yanafika wapi.

Wanaogharimia utafiti wa namna hii, wengi wao, wanafikiria mafuta, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta ya Ghuba, pamoja na ya Omani, yamo katika vitundu vya mawe ya chokaa. Na sasa wanafikiria pia kuizika chini ya ardhi ile kaboni dioksidi inayoipasha dunia joto. Sina neno juu ya hayo. Ila mimi hufikiria uwanda wa mashariki ya Unguja, ambako udongo ni haba, mwamba wa matumbawe uko wazi, na mvua ikinyesha hainyweshi mto wowote bali huzama. Maji hayo matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kidogo, na kwa mizani ya nadharia, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na takriban mita 40 zilizo chini yake. Kwa hiyo anayevuta maji kwa pampu akayashusha mita moja, ameikaribisha chumvi ipande nyingi. Itapanda kwa upesi gani, na kwa kisima kipi kabla ya kipi, ni suala la vitundu na njia zao. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, yanatuonyesha kwa ukubwa wa majumba kile ambacho maji hukifanya ndani ya jiwe la chokaa yakipewa muda. Ila sisi hatuna muda wa mapango, tuna wa kisima.

Barani Afrika hakuna bado sinkrotroni, ile mitambo mikubwa ya duara inayotoa eksirei kali kiasi cha kupiga picha za jiwe kwa kufumba na kufumbua. Lakini huko Allan, nchini Yordani, upo mtambo wa SESAME, uliofunguliwa mwaka 2017 kwa ushirika wa mataifa ya Mashariki ya Kati na jirani zake, na tangu 2023 una mlango maalumu wa kazi hii ya kupiga picha kutoka pande nyingi, iitwayo tomografia, ambao vitu vya kale ni katika shughuli zake. Mashine ndogo za mezani nazo zinatosha kwa mengi niliyoyaeleza. Kinachoweza kuandaliwa hapa kwetu, na vijana waliomo ukumbini humu, ni mawe.

Basi nawaomba hivi. Jiwe likianguka katika ukuta wa kale, kabla halijachukuliwa kuwa kifusi, liandikeni kwa wino usiofutika: limetoka nyumba gani, kimo gani kutoka ardhini, uso upi ulielekea bahari, na upande upi ulikuwa juu, kwa sababu maji yalipanda kutoka chini na chumvi ikajikusanya upande uliopigwa na upepo, na picha ya jiwe lisilojulikana juu wala chini itatuonyesha njia bila ya kutuambia nani alipita. Lifungeni kwa karatasi kavu. Msilioshe, hata likiwa na vumbi, maana maji huziyeyusha fuwele za chumvi, na ushahidi wote hutoka pamoja nazo. Hili langu la mkono wa kulia nililiokota bila ya kuliandika, miaka mingi iliyopita, na sasa hakuna awezaye kuniambia upande wake wa juu ni upi. Na ndiyo maana nimethubutu kulimwagia maji mbele yenu.